Nani Atashika Upande wa Pili wa Shuka

Kitendawili. Nina pembe nne, wawili hunibeba, na kila wanapokaribiana mimi hupungua.

Mkishindwa nipeni mji, ila msinipe mji wenye vumbi, nimeshafua vya kutosha maishani. Jibu ni shuka. Mmoja anashika pembe zake, mwingine zake. Wanarudi nyuma mpaka inakazika, wanaikung'uta, kisha wanaendeana kama watu wanaotaka kusalimiana, huyu anamkabidhi mwenzake pembe zake na kuinama kudaka mkunjo wa chini. Wanarudi nyuma tena. Mwisho shuka iliyofunika kitanda kizima inakuwa na ukubwa wa kitabu. Ukijitia ubingwa ukaikunja peke yako, itagusa sakafu, na ikigusa sakafu inarudi kwenye maji.

Hiyo ndiyo kazi ya binti yangu. Yuko kwa dobi mkubwa anayefua mashuka ya hospitali na ya nyumba za wageni. Ukiingia pale, mvuke unakupokea mlangoni kama jirani mwenye umbea. Mashine za kufua zipo, za kukausha zipo, lakini kukunja ni mikono ya watu, tena asubuhi tu, maana hospitali inataka mashuka yake kabla ya mchana. Na msimamizi wa pale ana sheria yake: haajiri mtu, anaajiri jozi. Unakuja na mwenzako. Mwenzako asipotokea, meza wanapewa wengine, nawe unarudi nyumbani kuhesabu mbu.

Mwenzake wa zamani alihama kumfuata mumewe. Ikaangukia wakati ule ule mjukuu wangu amemaliza shule na yuko nyumbani anangoja majibu, basi akaenda kumshikia mama yake upande wa pili. Wakawa wanakunja vizuri, bila hata kutazamana.

Huyu mjukuu wangu wa kike jina lake la nyumbani ni Bisibisi. Hakuna kitu kilichofungwa ambacho hajakifungua. Saa yangu ya mezani aliifumua akiwa bado na meno ya utoto, akairudisha, skrubu moja ikabaki nje, na saa inatembea mpaka leo. Ile skrubu ninayo. Sijui ilikuwa na kazi gani.

Majibu yalipokuja, chuo cha ufundi kilimchukua kujifunza kutengeneza mafriji. Nilipiga vigelegele mpaka wapangaji wa juu wakachungulia. Binti yangu naye alifurahi, japo alibaki bila mwenzake. Akawa anadamka kwenda kusimama mlangoni kwa dobi, kungoja mtu ambaye jozi yake imeumwa. Siku nyingine alipata, siku nyingine alirudi mikono mitupu. Kilichotuweka sawa ni ile posho ambayo wazazi wa hapa hupewa kwa ajili ya mtoto. Haikuwa nyingi, lakini ilikuwa na adabu, ilikuja bila kuitwa.

Siku moja simu ikalia, ni watu wa ofisi ya ustawi wanaotoa ile posho. Nilikuwa jikoni nachambua mchele, nikasikia binti yangu akijibu: "Ndiyo, ametimiza kumi na sita. Shule? Hapana, ameshaacha shule. Haya, asante."

Mwezi uliofuata posho haikuja.

"Ndiyo hivyo, mama," akaniambia. "Mtoto akifika kumi na sita, wameshamaliza naye. Sasa kila mtu abebe wake."

"Na Bisibisi?"

"Jumatatu anarudi mezani."

Bisibisi alikuwa amesimama pale pale na ovaroli lake la bluu, grisi mpaka kwenye nyusi. Hakubisha. Alilivua, akalifua, na lilipokauka akalikunja peke yake, akiliegemeza kifuani lisiguse chini. "Sawa, mama," akasema. Hiyo sawa yake iliniuma kuliko kama angepiga kelele. Chuoni waliwaambia mapema kwamba atakayekosekana wiki nzima, nafasi yake anapewa anayefuata.

"Usinitazame hivyo, mama," binti yangu akaniambia. "Unadhani napenda?"

"Sijasema kitu."

"Macho yako yanasema. Ukinitegea kitendawili sasa hivi natoka nje."

Kweli, tangu ukubwa wake binti yangu hana nafasi ya vitendawili. Ukimwambia "kitendawili", anakujibu "sina muda". Basi nikapokea mfuko alionipa. Ndani mlikuwa na ovaroli na spana za chuo. "Nirudishie wewe," akasema. "Mimi nikimwona yule mwalimu nitalia mbele za watu."

Nikaenda kesho yake. Karakana ya chuo ni banda refu lenye madirisha ya juu, na mafriji yamepangwa yakiwa yamegeuza migongo, kama watoto waliokosa adabu. Nje ya mlango kuna benchi. Hapo alikuwa amekaa mtu mrefu ajabu, magoti yanakaribia masikio, mapajani chupa ya chai. Baadaye nilikuja kujua wote wanamwita Mlingoti. Ni mlinzi wa usiku, na binti yake anasoma darasa moja na Bisibisi. Kila akitoka lindoni hupita kumletea mwanawe chai.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Usisimame! Ukisimama nitaongea na mkanda wako."

Akacheka, akanisogezea nafasi. "Umebeba nini?"

"Ovaroli. Narudisha. Mjukuu wangu haendelei."

"Mjukuu wako nani?"

"Bisibisi."

"Yule aliyegandisha friji mpaka mlango ukakataa kufunguka? Mwanangu haachi kumsimulia! Kwa nini aache?"

Nikamweleza yote, posho, simu, na meza ya dobi. Alikuwa anatabasamu, kisha tabasamu likamtoka.

"Hebu rudia hapo kwenye simu, bibi. Mama yake alisema ameacha shule?"

"Si ameacha? Haendi tena shule, anakuja huku kushika spana."

"Lo! Kosa langu lile lile," akasema, akajipiga paja. "Mwanangu mkubwa alipoanza useremala, na mimi niliwaambia hivyo hivyo, tena kwa kujidai: huyo amemaliza kusoma, yuko na randa. Nilijua kusoma ni dawati na daftari. Kumbe ufundi nao wanauhesabu! Anayejifunza ni mwanafunzi, awe na kalamu awe na nyundo. Mzazi anaendelea kupewa, mradi aende aseme."



Mlingoti akamwita mwalimu wao, mama mmoja mnene mwenye kalamu sikioni na bisibisi mfukoni. Akasikiliza, akaingia ofisini, akatoka na barua yenye muhuri inayosema mtoto anajifunza pale. Nikampa mfuko. Akachungulia ndani, akanirudishia.

"Hii rudi nayo, bibi. Mimi sipokei nguo ambayo mwenyewe bado anaihitaji. Ila mama mtu aende mwenyewe ofisini, asitume mtu."

"Ataendaje?" nikauliza. "Jumatatu asubuhi ameahidi jozi kwa dobi. Asipokwenda, meza imekwenda."

Wakatazamana. Mlingoti akamalizia kufunga chupa yake ya chai. "Aende ofisini. Mimi nitashika na Bisibisi."

"Umewahi kukunja shuka?"

"Mke wangu anasema hata kutandika sijui."

"Na usingizi wako?"

"Usingizi unanijua ninapokaa, bibi. Utanifuata mchana."

Sikuwa na la kumpa mtu yule zaidi ya kumshika mkono kwa mikono yangu miwili.

Binti yangu alipoona barua hakuamini. Aliisoma akiwa amesimama, akaisoma akiwa amekaa. "Na wakinifukuza? Nilishawaambia mwenyewe kwa mdomo wangu."

"Mdomo uliosema ndio utakaosema tena," nikamwambia.

Jumatatu tukafika ofisi ya ustawi, yeye na mimi. Viti vya plastiki, foleni imejikunja kama nyoka aliyeshiba, feni inageuka bila kuleta upepo. Binti yangu alikuwa ameficha mikono kwapani, maana maji ya dobi yamemkunja vidole na anaona haya. Barua nilishika mimi, pamoja na ule mfuko wa ovaroli. Kupoteza muda nikawategea wenzetu wa foleni: "Nina watu wengi, wote wanatazama upande mmoja, na hakuna anayempenda aliye mbele yake."

"Foleni!" akasema bwana mmoja wa nyuma, na wote wakacheka. Hata dada wa dirishani aliinua kichwa.

Zamu yetu ilipofika, dada yule akasoma barua, akatazama kwenye kompyuta yake.

"Mama, hapa imeandikwa ulisema mtoto ameacha kusoma."

"Nilisema, ndiyo." Sauti ya binti yangu ilikuwa chini. "Nilikuwa namwona anarudi na grisi. Nikajua shule haipaki grisi."

Nikajua sasa tunasemwa. Dada akafumba mdomo, akashindwa, akacheka, lakini kicheko cha kumpa mtu kiti. "Mama yangu, sisi hatutazami mikono yake. Tunatazama kama anajifunza. Na huyu anajifunza. Nitairudisha, na ule mwezi uliokatika utakuja pamoja na unaofuata." Akapiga muhuri. "Ila mwaka mwingine ukianza, njoo useme anaendelea. Na akiacha kweli, njoo useme vile vile, usingoje simu."

"Kwa hiyo anaweza kurudi?"

"Kurudi wapi?"

"Chuoni."

"Hilo si langu, mama. Mimi nimeshafanya langu. Hilo ni lako."

Binti yangu alitoa mikono kwapani, akaiweka pale dirishani mbele ya watu wote, mikunjo yake na yote. "Anarudi," akasema. "Asante sana, mdogo wangu. Asante."

Kwenye ngazi za nje akasimama ghafla. "Mama, sasa nitakunja na nani?"

"Na mimi."

"Wewe?"

Nikainua mikono juu kumwonyesha. Mmoja ukafika, mwingine bega likaukatalia njiani, nikabaki kama mtu anayesimamisha gari. Binti yangu akacheka mpaka akashika ukuta. Sikumbuki mara ya mwisho nilipomsikia akicheka vile.

Tukaenda moja kwa moja kwa dobi. Tulisikia vicheko kabla ya kuona. Mlingoti alikuwa ameinua pembe zake hadi darini, upande wa Bisibisi uko chini, shuka imelala mteremko, na msimamizi amesimama mikono kiunoni: "Hii ni jozi au ni ngazi?"

"Panua miguu, baba, panua miguu!" Bisibisi alikuwa anamwelekeza. Yule bwana akapanua miguu mpaka akafanana na stuli, mabega yakashuka, shuka ikanyooka. Macho yalikuwa mekundu ya lindo, lakini rundo lililokunjwa pembeni yao lilikuwa limepanda. Yaliyo chini yalikuwa kama mandazi. Ya juu yalikuwa yanatazamika.

Binti yangu alinawa mikono, akaifuta, akaenda kusimama nyuma ya mwanawe. Wakati ule walikuwa katikati ya kuendeana. Akapitisha mikono juu ya mabega ya mtoto, akachukua pembe zote mbili vidoleni mwake.

"Nenda," akamwambia.

"Wapi, mama?"

"Kwenye mafriji yako. Ovaroli liko kwa bibi yako."

Bisibisi alinitazama. Nikafungua mfuko, ukosi wa bluu ukachungulia. Basi yule mtoto, aliyesema "sawa, mama" bila chozi, akalia hapo hapo kwenye mvuke, akamkumbatia mama yake na shuka yake, pamoja na Mlingoti kwa upande wa pili.

"Hiyo shuka ikigusa chini mnaifua nyinyi!" msimamizi akapaza sauti.

Bisibisi akanyakua mfuko, akatoka mbio.

Binti yangu akamgeukia Mlingoti. "Nenda ukalale, baba. Umenitendea wema nisioweza kuulipa."

"Na kesho utashika na nani?"

Binti yangu akanigeukia, akalitazama bega langu.

"Mimi lindo langu linaisha alfajiri," akasema yule bwana, "na nyumbani kuna mwanafunzi kama wa kwako. Nusu ya malipo ya jozi nitaipata, si ndiyo? Tena mke wangu atapata mtu wa kutandika."

Binti yangu akatazama msimamizi. Msimamizi akatazama lile rundo, ya juu na ya chini. "Ya juu nayataka," akasema. "Ya chini mtarudia."

"Haya," binti yangu akamwambia Mlingoti. "Rudi nyuma. Zaidi. Sasa kaza."

Jioni ile tulikuwa jikoni watatu. Bisibisi alikuwa na grisi mpaka shingoni na hajanyamaza tangu aingie. "Bibi, kitendawili!"

"Tega, mke mwenzangu."

"Nyumba yangu ndani baridi, mgongoni moto."

Nilijua, lakini nikajifanya nimeshindwa, akaniomba mji, nikampa, ili tu nimsikie akisema. "Friji! Bibi, friji halitengenezi baridi. Linabeba joto la ndani na kulitupa nje kwa mgongoni. Mwalimu ametushikisha kwa mikono."

Binti yangu alikuwa ameketi pembeni, vidole kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu. Nilidhani amesinzia.

"Kitendawili," akasema.

Bisibisi na mimi tukatazamana. Kisha tukaitikia kwa pamoja, kwa sauti ya kuamsha wapangaji wa juu: "Tega!"

"Amekuja na usingizi machoni, hakuitwa, akashika nisichoweza kushika peke yangu."

Hicho hatukukitolea mji.