Sukari Kwenye Kopo la Sumu

Kwa Mama Nabintu sukari ilikaa kwenye kopo lililoandikwa SUMU YA PANYA. Mwandiko ulikuwa wa marehemu mumewe, Papa Byamungu, mwalimu wa kwaya, aliyelibeba kopo hilo tangu kwao Fizi mpaka kambi ya wakimbizi ya Nakivale bila kuibiwa hata kijiko kimoja njiani. Wageni walioliona kwa mara ya kwanza walishukuru upesi na kusema kwamba chai isiyo na sukari inawatosha. Sidonie hakuwa mgeni. Ijumaa hiyo alichota vijiko vitatu, akakoroga, akanywa.

"Sido mwana wangu," Mama Nabintu akasema, "kesho kutwa tunamaliza matanga. Napenda batu basikie sauti ya papa. Ile wimbo alirekodi kwako, utaileta."

"Wimbo gani, mama?"

"Ile ya korale! Alinielezaka kama aliiweka mu ordinatere yako, ile ya ndani, mu folda ya jina Virusi. Ju batoto basiiguse."

Chai ilimpalia Sidonie. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, Mama Nabintu akimpiga mgongoni na kumwambia anywe polepole. Lakini chai haikuwa na kosa. Folda hiyo Sidonie aliifuta mwenyewe, kwa mkono wake wa kulia, mwezi wa tatu, tena akijipongeza.

Mambo yalikuwa hivi. Sidonie alifundisha kompyuta katika chumba cha bati jirani na kanisa. Alikuwa na kompyuta sita za msaada, kila moja na kiburi chake: moja ilizimika ukicheka karibu nayo, nyingine haikujua herufi M. Alipochoka kubembeleza sita, akatengeneza ya saba, isiyo na chuma wala waya. Ilikuwa kompyuta pepe, faili moja kubwa lililokaa ndani ya mashine yoyote. Ukilifungua, unapata kioo chake, folda zake na masomo yake ya Kiswahili, vilevile popote pale. Wanafunzi waliiita ile ya ndani.

Mwaka huo, 2014, akaona ni uchoyo kuila peke yake. Akaifunga iwe kifurushi, akasafiri nacho mpaka mji wa Mbarara, kwenye mtandao wa kasi, akakipandisha kwenye ghala moja la programu huria mtandaoni. Kutoka humo mtu yeyote duniani huandika amri ya mstari mmoja, na kifurushi kikamjia bure. Sidonie alirudi Nakivale akitembea kama bibi harusi.

Siku ya tatu barua ikaja kutoka kwa mwangalizi wa ghala, mtu wa kujitolea, wa nchi asiyoijua. Kazi yako ni nzuri, aliandika kwa heshima zote, ila kifurushi ni kizito mno. Hebu tazama kuna nini humo. Sidonie akatazama, na macho yakamtoka pima. Ndani ya kompyuta yake ya masomo kulikuwa na folda inayoitwa VIRUSI, nono kuliko masomo yote yakijumlishwa. Mwalimu mzima amewagawia walimwengu ugonjwa! Hakuifungua, kwani nani hufungua mlango ulioandikwa mbwa mkali? Akaifuta, akafunga toleo la pili, jembamba na safi, akalipeleka ghalani, kisha akalimwaga juu ya lile la zamani kwenye mashine zote sita. Papa Byamungu, mwanafunzi wake mkongwe kuliko wote, alikuwa hospitalini wakati huo, na hakurudi darasani tena.

Sasa Sidonie akaweka kikombe chini.

"Mama, ile folda niliifuta. Nilizani ni virusi ya kweli."

Mama Nabintu hakulia. Alilivuta lile kopo, akalipakata kama mtoto.

"Miaka tatu unakulaka sukari ya hii kopo," akasema polepole. "Na bado hukumujua ule mutu?"

Sidonie alitamani ardhi ipasuke. Alitazama maandishi ya kopo, herufi kubwa zilizosimama wima kama askari wa gwaride, na aibu ikamchoma. Sauti ya mzee yule ilikuwa moja tu duniani. Ilikaa kwenye toleo la kwanza, naye alikuwa amelimwagia la pili juu yake bila kubakiza hata nakala...

Toleo la kwanza!

Akaruka. Kikombe kikapinduka, kuku aliyekuwa mlangoni akakimbilia kwa jirani.

"Mama! Ghala halitupi kitu! Matoleo ya zamani wanayaweka! Kosa langu nililipeleka ng'ambo kabla sijalisahihisha!"

"Yesu wangu," Mama Nabintu akasema, akimgusa paji la uso. "Mwana amepata homa."

Lakini akiba haiozi. Asubuhi ya Jumamosi walikuwa njiani wote wawili, kwa maana mtandao wa Nakivale ungelileta faili lile baada ya Krismasi. Mpaka mji mdogo wa Kaberebere walipanda bodaboda. Kutoka hapo wakapata lori la matoke, wakakaa juu ya mikungu. Mama Nabintu alivaa kitenge cha sherehe. Alipoulizwa na dereva anaenda wapi amependeza hivyo, alijibu kwamba anaenda kumpokea mume wake, na Sidonie akasali kimyakimya ghala lisimwaibishe.

Karibu na kambi ya jeshi, Mbarara, kulikuwa na chumba cha intaneti cha Yudaya, mke wa sajini aliyetumwa nchi za mbali kulinda amani. Siku hiyo wanajeshi sita walikuwa wamejaa humo wakizungumza na wake zao kwa video. Sidonie akakaa kwenye mashine ya pembeni, akafungua ghala, akakuta orodha ya matoleo. La pili lilikuwepo. Chini yake, kwa herufi za kijivu, la kwanza lilikuwepo! Akaandika amri yake, akaongeza namba ya toleo, akabonyeza. Kioo kikamjibu kwamba kazi itachukua saa kumi na tisa.

Yudaya alikuwa tayari nyuma yake. "Nyabo, hapa hapana vuta kitu kubwa. Hii net ni ya watu mingi. Hiyo ni nini?"

"Ni kompyuta."

"Kompyuta? Wewe nakalia kompyuta, natumia kompyuta, navuta kompyuta ingine? Banange! Sasa hiyo kompyuta iko na nini?"

"Iko na bwana yangu," Mama Nabintu akasema. "Alikufa mu mwezi ya ine. Lakini sauti yake iko mule, na kesho tunamaliza matanga."

Yudaya alimtazama, akatazama kile kitenge. Yeye mwenyewe hakuwa na mume siku zile isipokuwa sauti ya Jumapili, tena inayokatikakatika. Akageuka, akapiga makofi mawili.

"Afande zote! Toka kwa net! Aga bibi, funga simu! Mzee nakuja!"

Wanajeshi wakatii kana kwamba jenerali ameingia. Saa kumi na tisa zikawa saa tatu, zikawa saa moja na nusu. Hakuna aliyeondoka. Koplo mmoja akasimama mlangoni kuzuia wateja, wengine wakavuta viti wakawa wanahesabu asilimia kwa sauti, na kila ilipofika kumi mpya wakashangilia kama goli limefungwa. Mama Nabintu akawagawia mihogo ya kuchemsha. Kwenye mia moja koplo alimkumbatia Sidonie, kisha akakumbuka hawajuani, akampigia saluti.

Ile ya ndani ikawaka taratibu ndani ya mashine ya Yudaya. Na pale katikati ya kioo, kwa herufi zilizosimama wima, ilikuwepo: VIRUSI.

"Hapana fungua!" Yudaya akapiga yowe. "Naua mashine yangu!"

"Usiogope," Sidonie akasema. "Hii ni sukari."

Akafungua. Kwanza ulisikika mkwaruzo wa benchi, kisha jogoo, kisha kikohozi ambacho Nakivale nzima ingekitambua. Kwaya ikaanza, ikapanda vizuri, halafu kijiti kikagonga meza.

"Simameni! Nabintu, unachelewaka tena! Sauti ya alto inaingia pa haleluya, haingojake batu barudie ku nyumba!"

"Sikuchelewa!" Mama Nabintu akafoka. "Ni wewe unakimbiaka!"

Maneno hayohayo, wakati uleule, yakatoka kwenye spika kwa sauti yake mwenyewe ya siku ile ya kurekodi. Chumba kikaangua kicheko. Mama Nabintu akajishika mdomo, akacheka mpaka akakaa sakafuni, kitenge cha sherehe na vyote. Alilia pia, lakini kwa furaha, na hakuona haya.

Alipopata pumzi, Sidonie alimwonyesha namba ndogo kando ya toleo la kwanza. Kabla hajalisahihisha, watu arobaini na mmoja walikuwa wamekwisha kulichukua.

"Batu makumi ine na moya?" Mama Nabintu akauliza. "Bote banajua kama ninachelewaka?"

"Wote, mama. Mpaka ng'ambo."

"Basi amenishinda," akasema, na uso wake uling'aa.

Jumapili kanisa lilijaa hadi nje. Sidonie aliweka spika juu ya meza, kwaya ikasimama kuimba pamoja na kwaya ya mwaka uliopita. Kwenye haleluya alto wote waliingia sawasawa, ila Mama Nabintu. Yeye alifumba mdomo, akatazama spika, akangoja. Papa Byamungu akagonga meza akamgombeza mbele ya watu wote, kwa jina lake, na ndipo naye akaingia.