Gobore la Baba Halina Shingo

Usiku wa jana niliota gobore la baba yangu limekuja kunitembelea. Lilibisha hodi, likasubiri kukaribishwa, likaketi kwenye kigoda na kuegemeza kitako chake ukutani. Mtutu ukabaki unanitazama usoni.

"Nikuletee maji," nikasema, "lakini kwanza geukia kule."

"Nisamehe," likasema. "Kanuni inasema nisielekezwe kwa kitu ambacho hakikukusudiwa kufa. Sasa nimeshakutazama. Itabidi ufe, au kanuni ifutwe."

"Basi ifute."

"Sina mamlaka hayo."

Nikasogea pembeni. Mahali nilipokuwa nimesimama akaja kuku wangu mwekundu, akasimama hapo hapo mbele ya mtutu, akijikuna. Mara wakaingia majirani wamejitanda kanga, wakatandika mkeka, wakaanza kumlilia. Kuku akauliza nani amefariki. Wakamwambia ni yeye. Akasema hakuwa na habari, akaketi mkekani pamoja nao, akapewa chai.

"Ajali haina kinga," wakamwambia kuku.

Hapo nilikasirika, hata ndotoni. Maneno hayo nayajua. Nilipewa kwa wingi kiangazi cha mwaka juzi, mume wangu Mlekwa aliporudishwa kutoka porini akiwa amelazwa juu ya matawi. Alikuwa amekwenda kuwinda na baba yangu. Baba hubeba gobore lake begani kama jembe: ameshika kitako kwa mbele, mtutu unatazama nyuma, baruti imeshindiliwa na fataki ya kuiwasha iko mahali pake. Alikuwa akivuka gogo, akateleza. Mlekwa alikuwa nyuma yake, kwa sababu kwetu mkwe hamtangulii baba mkwe njiani, wala hamrekebishi. Nikarudi kuishi kwa baba nikiwa mjane, na gobore nikalikuta limetundikwa ukutani mahali pake pa siku zote, limepakwa mafuta.

"Umefuata nini kwangu?" nikaliuliza.

"Nimekuja kuaga. Asubuhi natoka na baba yako na mkwe mpya."

Mkwe mpya ni Kapela, mume wa mdogo wangu Kalunde. Ni kijana mpole aliyelelewa vizuri, vizuri kupita kiasi. Amekuja na mkewe kutusalimia, na Kalunde ana mimba kubwa, akiketi chini hainuki bila kushikwa mkono. Baba alimwambia Kapela kwamba watakwenda pamoja porini kutafuta kitoweo. Kapela aliinamisha kichwa akajibu, "Ndiyo, baba." Nilikwenda kulala nikiyachukia malezi yake mazuri.

"Usiende," nikaliambia gobore.

"Mimi siendi. Mimi hupelekwa."

"Basi ukipelekwa, tazama juu. Au tazama chini. Tazama popote pasipo na mtu."

Gobore likacheka kidogo, kicheko cha chuma. "Dada, mimi sina shingo. Anayenibeba ndiye shingo yangu."

Nilipotaka kulijibu, nyumba ilikuwa imeshakuwa darasa. Ukuta wa jikoni una ubao, na majirani wale wale wameketi kwenye madawati, kuku yuko dawati la mbele. Mwalimu hayumo ndani. Mwalimu ni kidole cha shahada, kirefu kama mtu mzima, kimeketi nje kwenye benchi na kufundisha kupitia dirishani.

"Kwa nini huingii, mwalimu?" nikauliza.

"Kanuni," kikasema kidole. "Kidole hukaa nje mpaka mwindaji awe ameamua kupiga. Mimi nimekaa nje tangu nizaliwe. Nilioa nikiwa nje. Mvua hunikuta hapa."

"Hujawahi kuitwa ndani?"

"Niliitwa, kulikuwa na digidigi. Nikaingia, nikafanya kazi, nikatoka. Lakini vidole vingine huishi humo humo ndani, vinakula na kulala kwenye kifyatulio. Hivyo ndivyo vinavyowaletea misiba, halafu mnasema ajali haina kinga."

Darasa zima likaitikia, "Ajali haina kinga." Kidole kikafuta kamasi na kuendelea.

Somo la siku hiyo lilikuwa kwamba kila kitu kihesabiwe kuwa kimeshindiliwa mpaka kikaguliwe. Basi tukaanza kukagua. Mwiko ulikaguliwa, ukakutwa na ugali. Mwavuli wa jirani ulikutwa na mvua nzima ya masika, ikamwagika darasani, kuku akapanda juu ya dawati. Kinu kilikataa kukaguliwa, kikasema kina heshima zake, kikatolewa nje.

"Sasa vinywa," kidole kikasema.

Aliyeitwa kwanza alikuwa baba mdogo Sizya, mdogo wake baba yangu. Siku ile alikuwa porini nao, alikuwa wa tatu katika mstari, nyuma ya Mlekwa. Akafungua kinywa. Kidole kikaingia kupitia dirishani, kikapekua, kikatoa sentensi ndefu yenye kutu. Kikaiweka mezani tukaisoma wote. Ilisema: *Kaka, geuza mtutu, kuna mtoto wa watu nyuma yako.*

"Hii imekaa humu muda gani?" kidole kikauliza.

"Miaka mingi," baba mdogo akasema. "Huyu kaka amebeba bunduki hivyo tangu tukiwa vijana. Nyuma yake nimetembea mimi, wametembea wengine. Kila mara naiona."

"Na kwa nini hukuifyatua?"

"Yule ni mkubwa wangu. Nilikuwa nasubiri aliyemzidi umri aje amwambie."

"Nani amemzidi umri?"

Baba mdogo akafikiri kwa makini. "Wote wamekufa," akasema.

Wakaitwa wengine. Kila kinywa kilikutwa na sentensi ile ile, nyingine fupi, nyingine imekunjwa mara mbili, ya balozi wetu wa nyumba kumi imefungwa kwenye leso. Wote walikuwa wanajua. Waliketi kwenye mkeka wangu, wakala wali wa msiba wangu, na kila mmoja alikuwa nayo chini ya ulimi wakati ananipa pole. Niliwachukia mmoja mmoja, kwa zamu, nikianzia dawati la nyuma. Nilipofika kwa kuku nikamruka, maana yeye alikuwa marehemu.

Kilipokuja kinywa changu, kidole kilipekua sana. "Humu hamna sentensi," kikasema. "Kuna pole tu, zimejaa mpaka kooni. Zimeshindiliwa vibaya. Usikae karibu na moto."

Nikataka kujua zinatolewaje. Lakini dirisha lilikuwa limekuwa mti, na ule mti ulikuwa myombo, na mimi niko porini.

Ni mchana. Majani ni makavu, njia ni nyembamba ya kupita mtu mmoja. Baba yuko mbele, gobore begani. Nyuma yake yuko Mlekwa, amevaa fulana ile ya kijani ambayo sikuweza kuifua ikatakata. Mtutu unamtazama kifuani. Baba akiinama kukwepa tawi, mtutu unapanda usoni. Baba akiinuka, unashuka tumboni. Mlekwa anaukwepa kwa adabu, kushoto kidogo, kulia kidogo, kama mtu anayepishana na bibi harusi mlangoni.

Nikamkimbilia, nikatembea ubavuni mwake kwenye miiba.

"Mlekwa, pita mbele."

"Mbele ni pa baba mkwe," akasema. Hakushangaa kuniona. "Habari za nyumbani?"

"Nzuri. Basi rudi nyuma zaidi."

"Nikibaki nyuma ataniuliza kama nimechoka. Mume aliyechoka haraka, watasema ulikosea kuolewa."

"Wala wasingesema."

"Wangesema, mama. Unawajua."

Ninawajua. Tukatembea. Mwiba uliingia mguuni mwangu ukaomba radhi.

Mbele yetu njiani alisimama tandala dume, mkubwa, pembe zimejisokota, amevaa kitambaa cheusi mkononi. Mstari mzima ukasimama. Nilidhani baba atalishusha gobore. Hakulishusha. Tandala akatupita pembeni mwa njia, akanijia mimi, akainamisha pembe.

"Poleni na msiba," akasema. "Nimeona ni vizuri nije mwenyewe, kwa sababu risasi ile ilikuwa yangu."

"Ahsante."

"Nilikuwa nimesimama pale kwenye kichaka tangu alfajiri. Nilijiandaa. Baba yako hakunielekezea bunduki hata mara moja. Safari nzima ilikuwa imeelekea kwa mumeo." Akatikisa masikio. "Kama angewindwa mumeo na kutembezwa mimi nyuma ya baba yako, ningekuwa nimekufa mimi."

Akaenda zake kwa mwendo wa mtu aliyetoa rambirambi, na mstari ukaendelea.

Kisha nikaliona gogo. Limelala kukata njia, limeota uyoga, na limevaa uso wa karani wa ofisi yoyote ile.

"Ondoka," nikaliambia.

"Siondoki," gogo likasema. "Mimi nimeanguka kihalali. Wao ndio wanaotakiwa kusimama, watoe fataki, wapokezane bunduki, mmoja avuke, ndipo mwingine afuate. Kazi yangu ni kulala hapa na kuona kama wamefanya."

"Na wakiwa hawajafanya?"

"Basi nimeona."

Baba yuko karibu na gogo. Nikamshika Mlekwa mkono, ulikuwa na joto lake lile lile, na hilo ndilo lililonitia uchungu kuliko yote. "Mwambie," nikasema. "Mwambie sasa. Neno moja tu. Mtutu. Sema mtutu."

"Nimeshamwambia," Mlekwa akasema.

"Umemwambia lini?"

"Tangu tulipoacha kijiji. Nilimwambia tulipovuka korongo, nikamwambia tena kwenye kichuguu."

"Ukasema nini?"

"Nikakohoa."

Nikamtazama.

"Mkwe hasemi, mama. Mkwe anakohoa. Mtu mzima akisikia kikohozi cha mkwe anajua kuna jambo, anajiangalia mwenyewe. Nimekohoa vizuri, si kwa sauti kubwa, kwa heshima." Akanionyesha: kikohozi kidogo, kikavu, kama mtu anayetaka kuingia kwenye nyumba isiyo yake.

Baba hakugeuka. "Vumbi hilo, mkwe," akasema.

"Umeona?" Mlekwa akasema. "Ananijibu kila mara. Ni mzee mwema."

Jambo hili hakuna aliyewahi kuniambia. Baba hakusema, baba mdogo Sizya hakusema. Siku zote nilijua kwamba mume wangu alikufa bila kujua. Nilikuwa nimejifunika na hilo, nikisema walau hakuogopa. Kumbe alitembea asubuhi nzima akikiona kifo chake kinapanda na kushuka, akikiomba radhi kwa kukohoa. Nilisikia hasira imepanda mpaka meno yananiuma. Nilimkasirikia baba, nikawakasirikia watu wote waliomfundisha Mlekwa adabu, tangu mama yake.

Baba anainua mguu kuvuka gogo. Nafungua kinywa nimwite. Nataka kusema *Baba*. Kinatoka kikohozi. Najaribu tena, kinatoka kikohozi. Nyuma yangu baba mdogo anakohoa, majirani wanakohoa, kuku anakohoa, kidole kinakohoa huko nje kilikoachwa. Msitu wote unakohoa kwa heshima.

"Vumbi limezidi leo," baba anasema, na mguu wa pili unateleza.

Nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha usiku kucha, bati lilikuwa bado linadondosha, na uani nilisikia sauti za watu wanaoagana. Nilijifunga kanga nikatoka bila viatu. Tope lilinifika juu ya vidole.

Walikuwa wameshafika kwenye lango la miiba. Kalunde alikuwa amesimama kando, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika kibuyu cha maji alichokuwa akimpa mumewe. Baba alikuwa mbele. Gobore lilikuwa begani mwake, ameshika kitako, mtutu nyuma. Nyuma yake Kapela, amejifunga mkanda vizuri, ameinamisha kichwa. Baba aliinama kuondoa mwiba uliofunga lango, na mtutu ukapanda mpaka kwenye paji la uso la Kapela. Kapela akasogea kushoto kidogo.

Halafu akakohoa. Kilikuwa kikohozi kidogo, kikavu.

"Vumbi hilo, mkwe," baba akasema bila kugeuka.

Nikatembea juu ya tope hadi pale walipo. Nikamshika Kapela mkono, jambo ambalo halifanywi, nikamvuta akatoka nyuma ya baba. Kalunde akaacha mdomo wazi. Baba akageuka kuona kuna nini, na mimi nikazunguka kuukwepa mtutu, nikapita upande wa kitako, mpaka tukatazamana uso kwa uso, mimi na yeye, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Baba," nikasema, "si vumbi."