Upasuaji wa Tatu wa Sergent

Jumanne asubuhi Pierrette alimfikisha mbwa wake Sergent kwenye hospitali ya wanyama, amemfunga kwa kitenge kinachonuka dagaa, na damu ilikuwa imeshapenya kitenge hadi kwenye sketi yake. Mbwa alikuwa amekatwa panga tumboni. Aliyemkata ni Lloyd, mwenye boti ya injini inayopeleka watu kisiwani Chisenga. Kila Lloyd aliposhuka ufukweni, Sergent alimbwekea.

Sergent alikuwa na sababu. Mwaka uliopita alikuwa ndani ya mtumbwi wa Stéphane, mume wa Pierrette, mchana kweupe, boti ya Lloyd ilipoupanda na kuupasua vipande viwili. Mbwa aliogelea hadi nchi kavu. Mwili wa Stéphane ulitolewa na nyavu siku ya tatu. Lloyd aliandikisha kwamba mtumbwi ulipinduliwa na upepo, watu wake wawili wakaapa hivyo hivyo, na kesi ikafungwa.

Daktari Mubanga alimdunga mbwa sindano ya usingizi, akasafisha jeraha, akalishona kwa uzi wa buluu, mishono kumi na mmoja. Alipokata uzi wa mwisho, tumbo la Sergent lilikuwa zima, na manyoya yaliyonyolewa yalikuwa yamerudi. Wakati huohuo, ufukweni, Lloyd aliinua shati akakuta tumbo lake limepasuliwa na kushonwa kwa uzi wa buluu. Akaketi juu ya pipa la mafuta.

"Huo ni uzi wangu," daktari alisema habari ilipomfikia. "Mumuambie akuje kisha siku kumi, nitautoa."

Siku hiyo Pierrette alimaliza sahani nzima ya bukari, ugali wa kwao, mara ya kwanza tangu mazishi.

Mwezi uliofuata alimrudisha Sergent, jino la nyuma limeoza. Daktari aliling'oa. Mbwa alibaki na meno yake yote, na Lloyd alitema la kwake mbele ya abiria akiwapanga nani akae wapi.

Mara ya tatu Pierrette alikuja kumwandikisha mbwa ahasiwe. Chipego, muuguzi, aliandika Alhamisi, saa nne. Chipego hununua samaki ufukweni, kwa hiyo kufikia mchana Lloyd alikuwa na habari.

Alhamisi Pierrette na mbwa walimkuta Lloyd ameshakaa kwenye benchi la hospitali, amevua kofia. Sergent alimbwekea kidogo, kisha akalala.

"Mama Pierrette," Lloyd alisema, "nitakupatia boti. Na injini yake."

"Boti sipendi. Uende kwa polisi, useme vile ulifanya. Useme ulimuona bwana yangu na haukuzima injini."

"Nikisema, watanifunga."

"Ndiyo."

"Miaka mingi, mama."

"Ndiyo."

Daktari alichungulia mlangoni, mikono imeshavaa glavu. "Mukwai, mama, niko tayari. Tuendelee ao tuache?"

Pierrette alimtazama Lloyd, akamngojea kwa kweli. Lloyd angesema neno moja, yeye angemchukua mbwa wake na kurudi nyumbani.

Lloyd alivaa kofia. "Mumukate," alisema.

Kazi ilichukua dakika ishirini. Lloyd alishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili na kukunja uso mara mbili. Kisha alipokea kwa Chipego karatasi ya maagizo, asikimbie wala kuoga siku kumi, akaitia mfukoni na kuondoka kwa hatua fupi fupi. Sergent alitoka akitikisa mkia, hakupungukiwa na kitu.

Jumamosi boti ilijaa watu kama kawaida. Lloyd aliiendesha akiwa amesimama, na mitumbwi ikampisha. Pierrette aliitazama kutoka kwenye meza yake ya samaki mpaka mlio wa injini ukaisha. Alikuwa ametarajia kufurahi. Badala yake alisikia njaa, ingawa alikuwa ametoka kula.

Alifunika samaki wake akaenda hospitali bila mbwa.

"Munganga, imbwa iko na figo ngapi?"

"Mbili, mama."

"Moja ikitoka, anaweza kuishi?"

"Imbwa, ndiyo. Na mutu pia."

"Basi tuanze na moja," Pierrette alisema, akavuta kiti, akangoja Chipego atafute kalamu.