Nafasi ya Bulaimu Safuni

Ndugu yangu Bulaimu haguswi. Ukimshika bega anaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Daktari mmoja alituambia hali hiyo kazaliwa nayo, akaiita otisimu. Hapa mtaani kwetu Alunguli watu hawana haja na jina hilo, wanasema tu ana mambo yake. Haya, ana mambo yake. Na wao wana yao, ila yao hayasemwi.

Wakati wa vita, risasi zilipolia ng'ambo ya mto, mtaa mzima ulikimbilia msikitini, watu wakabanana hata kupumua tabu. Bulaimu alibaki nje barazani, amejikunyata ukutani. Nilimsihi, mama akamlilia, hakuingia. Na kila Ijumaa ilikuwa vilevile: wanaume ndani, bega kwa bega, mguu kwa mguu, kama inavyotakiwa, yeye nje anapanga viatu vyao. Akimaliza, anasimama peke yake kuwasikiliza wakiitikia Amina. Imepita miaka arobaini hajawahi kuitikia pamoja nao. Iliniuma sana, lakini nilizoea.

Kisha korona ikaja, msikiti ukafungwa. Bulaimu hakuelewa. Ijumaa aliendelea kuoga, kuvaa kanzu na kwenda kusimama mbele ya ule mlango wenye kufuli mpaka jua limchoshe.

"Yaya, watu walienda wapi?" aliniuliza mimi dada yake mkubwa.

Nikamwambia wako kwao. Akasema hapana, Ijumaa wanakuwaka hapa. Watu walishinda wakipigiana simu kujuliana hali, yeye hakuna aliyemuulizia.

Msikiti ulipofunguliwa, kila mtu aliambiwa aje na mkeka wake, aingie na viatu vyake ndani ya mfuko, asimame mbali na mwenzake. Kazi ya viatu ikafa. Bulaimu alikaa mlangoni mikono mitupu, akachungulia. Ndani kulikuwa na alama za chokaa sakafuni, na kati ya mtu na mtu hata mbuzi angepita. Mimi niko upande wetu wa wanawake, nikamwona anavua viatu, anaingia, anasimama juu ya alama. Hakuna aliyemgusa. Imamu alipomaliza Fatiha nikasikia sauti ya ndugu yangu, nzito, imechelewa kidogo: Amina. Nililia mpaka nikaharibu swala.

Tangu hapo Ijumaa yeye njo alikuwa ananiharakisha mimi. Jirani yetu Onema, muuza mawese, alikuwa anamsalimu kwa mbali, mkono kifuani, kama wote walivyosalimiana siku hizo, naye akajibu kwa mkono wake. Nyumbani alinipa habari hiyo moja tu, tena na tena: "Niko nasimama na Onema."

Ugonjwa ukapungua, watu wakafurahi. Ijumaa moja imamu akageuka akasema, "Zibeni nafasi." Onema akasogea, kwa mapenzi tu, akamwekea bega. Bulaimu akatoka mbio, viatu akaviacha.

Nilikwenda kwa imamu. Nikamwomba, muachie nafasi moja, pembeni kabisa, ukutani. Alinisikiliza vizuri, si mtu mbaya.

"Mama, safu haiachwi na tundu," akasema. "Shetani njo anapitia hapo."

"Na miezi ile yote shetani alikuwa karantini?"

"Ile ilikuwa dharura."

Na hii ya ndugu yangu ni nini? Nilimuuliza hivyo. Nikaondoka bila kuaga, na mpaka leo nikikutana naye njiani moyo unanichemka.

Viatu sasa vinaachwa tena barazani, ovyo ovyo. Bulaimu hataki hata kuvisogelea. Alishaonja kuwa ndani. Ijumaa anaoga, anavaa kanzu, anakaa uani kwetu, mkeka umekunjwa magotini. Juzi nilikaa naye, nikaacha nafasi anayoipenda kati yetu. Adhana ikalia, majirani wakapita, Onema akapita. Bulaimu akawatazama mpaka wakaisha njiani, halafu akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Yaya, ule ugonjwa utarudi lini?"