Mzunguko wa Tanzia

Bibi Mwanatabu alikata roho alfajiri. Jua lilipopanda kidogo, mwanawe Boga alikuwa amekwisha kumpata mtu wa kupeleka habari. Mwaka ule wa 1961 simu pale Likoni zilikuwa za Wazungu na wenye maduka. Misiba ya watu wengine ilitangazwa kwa miguu au kwa baiskeli. Na kwa baiskeli hapakuwa na wa kumpita Tsuma, mchuuzi wa samaki, binamu yao, mwenye mapaja magumu kama mchi.

"Binamu," Boga alimwambia, macho yamemvimba, "anza juu. Panda mlima kwanza, umwambie dada Mwanarehema apate kuwahi basi la saa sita. Kisha Kwale, uteremkie Tiwi, urudi kupitia Waa. Twazika baada ya alasiri. Mama kamtaja dada mpaka mwisho. Nataka amwone uso kabla hatujamfunika."

"Nimesikia," Tsuma akasema.

Kusikia alisikia. Lakini Mwanarehema alikuwa mkewe miaka mitano, kisha akaenda kwa kadhi kudai aachwe, na mbele ya watu akaeleza kwamba mumewe hufungia unga sandukuni na kuondoka na ufunguo mfukoni. Kadhi alijizuia asicheke, waliokuwapo hawakujizuia. Tangu siku ile Likoni nzima ilimwita Tsuma Bwana Ufunguo, hata wateja wake wa samaki. Jambo lenyewe lilikuwa kweli, ndiyo maana lilimuuma. Mwanarehema naye akaolewa Golini, huko juu mlimani, na Ngowa, mfanyakazi wa reli aliyekaa Changamwe na kurudi nyumbani kila mwisho wa mwezi. Akanenepa. Hilo la kunenepa Tsuma hakulisamehe kabisa.

Alilifungua tenga la samaki kutoka kwenye keria, akaliacha, akapanda baiskeli. Alipofika Ng'ombeni aliwaambia jamaa wa pale, kisha akafika njia panda. Barabara ya Kwale ilikata kulia, kuelekea mlimani. Tsuma hakugeuza usukani hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja, njia ya Waa.

Mzunguko ni mzunguko, alijiambia. Kila mtu ataambiwa, huyu akitangulia au yule. Tazama mtu anavyojidanganya akiwa juu ya baiskeli yake! Alijua vyema kwamba wa pwani wangeweza kufika Likoni hata kwa miguu, na kwamba wa mlimani ndiye aliyehitaji muda.

Mpeleka tanzia haketi wala hali mpaka amalize nyumba zote. Husimama mlangoni, akasema aliloagizwa, akaondoka. Tsuma aliifanya kazi hiyo kwa heshima zote. Waa aliwakuta wanaume wawili wakitukanana kwa ajili ya Mwambao, mmoja akitaka pwani ijitenge, mwingine akimwita kibaraka wa sultani, na walipoisikia habari waliinamisha vichwa pamoja, kisha wakaendelea kutukanana. Tiwi alimkuta Mwanabibi, dada yake marehemu, akitwanga.

"Nimetumwa, mama. Bibi Mwanatabu hatunaye. Maziko ni alasiri."

Mwanabibi aliuachia mchi. Alilia kwanza, kisha akajifuta kwa upindo wa leso. "Na Mwanarehema? Keshaambiwa?"

"Ndiko niendako sasa."

"Huko, saa hizi?" Mwanabibi alimkazia macho. "Tsuma, wewe una moyo gani?"

Tsuma aliikamata baiskeli yake. Aliianza njia ya vumbi inayopanda kutoka Tiwi, jua la saa sita likimpiga kichwani. Wazungu walikuwa wakipanda huku Jumapili kutazama mandhari, na kweli yapo: minazi chini, vilima vya kijani vimepandana, na mbali bahari na meli zikingoja zamu ya kuingia Kilindini. Lakini mandhari huyafaidi mwenye motokaa. Tsuma alikuwa akisukuma baiskeli kwa mikono, koo limekauka, na kila alipogeuka akaiona Likoni ndogo kule chini alijawa na furaha mbaya. Lile basi alilisikia likinguruma upande wa pili wa kilima, likiteremka bila abiria aliyepaswa kuwamo.

Alitoa habari Kwale, kisha akaingia Golini saa nane kasorobo. Mwanarehema alikuwa uani akianua muhogo uliokauka.

"Hodi."

"Karibu," alisema, kisha akamwona ni nani, na ungo ukamtoka mkononi. Tsuma hangefika kwake kwa jambo lingine lolote. "Ni mama?"

"Hatunaye. Tangu alfajiri. Maziko ni alasiri."

Hakupiga ukelele. Alishika nguzo ya ukuta, akasema inna lillahi, akatazama jua. "Na mama mdogo Mwanabibi, nani atamwambia?"

"Keshaambiwa," Tsuma akajibu haraka, kwa fahari ya kazi iliyokwisha. "Tiwi, Waa, wote wako njiani. Umebaki wewe."

Hapo ndipo alipojifunga mwenyewe. Mwanarehema aliyarudia maneno hayo polepole. "Nimebaki mimi. Umezunguka kotekote, mama yangu amelala chini, ukaniweka mimi mwisho." Alimsogelea mpaka Tsuma akarudi nyuma. "Kwa ajili ya unga?"

Tsuma aliigeukia baiskeli yake.

"Nipakie," Mwanarehema akasema.

"Ni mbali, na wewe mzito..."

"Nipakie, shetani wee!"

Alikaa kwenye keria, ameshika chuma, asimguse hata shati. Mteremko wa Golini waliushuka breki zikilia. Walipofika bondeni Tsuma alikanyaga pedali kama aliyefukuzwa. Ajabu ni kwamba sasa alitaka wafike. Alitaka kwa moyo wake wote, na kila kilima kidogo cha Matuga kilimcheka. Nyuma yake hakusikia kilio, ila pumzi tu, na mara moja maneno haya: "Nilikaa nawe miaka mitano sikukuona. Leo nimekuona."

Ng'ombeni adhana ya alasiri iliwapita. Walipoikaribia Likoni walisikia kwanza sauti, la ilaha illa llah, kisha wakaliona jeneza likija juu ya mabega, kitambaa cha kijani kikipepea, wanaume wamelizonga wakienda mbio. Kwa desturi mwanamume akikutana na jeneza njiani hulitia begani. Mwanamke hafiki makaburini. Tsuma aliteremka. Mwanarehema aliishika baiskeli isianguke.

"Mpisheni Tsuma!" watu wakasema. "Kazunguka kutwa, maskini." Wakampa nafasi, akatia bega.

"Boga!" Mwanarehema aliita. "Niwekeeni nimwone!"

Boga alipunguza mwendo bila kusimama. "Keshakafiniwa, keshasaliwa, dada. Tumekungoja mpaka maji ya kumwoshea yamepoa. Habari si umeipata tangu saa nne? Ulikuwa wapi?"

"Saa nane, Boga! Kaanza na Tiwi. Muulize!"

Boga alimtazama Tsuma. Wote walimtazama. Tsuma alipandisha sauti, la ilaha illa llah, la ilaha illa llah, akikazana kutazama mbele, lakini sauti ilimkatika katikati.

Boga hakuuliza mara ya pili. Alimwekea mkono kifuani, akamtoa chini ya mti wa jeneza, akaingia mahali pake. "Usimbebe mama yangu," alisema.

Jeneza likapita. Vumbi lilipotulia walibaki wawili barabarani. Tsuma alinyoosha mkono kuipokea baiskeli. Mwanarehema aliiachia ikaanguka.

"Siku nitakapokufa mimi, Tsuma," alisema, "wewe usiambiwe."

Kisha akajifunga leso kiunoni, akashika njia ya kwenda nyumbani kwa mamake.