Boke Hahesabu Tembo

Mimi Imrani sijisifu, lakini Kihispania nakijua. Nilikisomea Arusha, na kambini kwetu hapa Serengeti wageni wote wa Hispania hupanda gari langu. Basi Mama Wangwe, mpishi wetu, aliponiambia anataka naye awe mwongoza wageni kwa lugha hiyo, nilicheka mpaka chai ikanipalia. Jina lake Boke, mjane wa miaka arobaini na mmoja, Mkurya mzaliwa wa kijiji cha Itiryo, aliyekulia nyuma ya ng'ombe wa baba yake.

"Cheka umalize, mwalimu," alisema, "halafu tuanze."

Tukaanza. Maneno ya kula, kunywa na kuja alikuwa ameshayaokota kwa wageni mezani. Kilichomshinda ni kusimulia yaliyopita, na mwongoza wageni asiyeweza kusimulia ya jana ni sawa na bubu. Kila kitenzi hubadilika mwishoni kufuatana na aliyetenda, na vile vinavyotumika kila siku ndivyo vikaidi zaidi. Kwa miezi minne, kila alasiri, akisukuma chapati, alinisimulia siku yake. "Niliona" ni vi. "Aliona" ni vio. Akikosea anaupiga unga kofi na kuanza upya. Siku moja akasimamisha kazi.

"Hebu subiri. Kilichotokea jana na kilichotokea enzi za babu, hawa wanakisema vilevile?"

"Vilevile."

"Masikini! Sisi Wakurya jana ina namna yake, na zamani ina namna yake."

Miaka yote niliyosoma, swali hilo halikuwahi kunijia.

Miezi hiyo minne ilipotimia, bosi wetu Pilar, Mhispania mwenyewe, akatangaza nafasi moja. Anayeitaka apande gari langu siku nzima, kesho yake asimulie alichokiona kwa Kihispania, bila karatasi. Wakajitokeza wawili, Boke na Gidion wa mapokezi.

"Nikiikosa hii," Boke aliniambia, "narudi kwenye moshi mpaka nizeeke. Nafasi nyingine haiji, mwalimu."

Siku ya kusimulia Gidion alitangulia. Simba tisa, twiga kumi na saba, tembo ishirini na wawili. Pilar akawa anaandika huku akitikisa kichwa kukubali.

Kisha akasimama Boke. Vitenzi vilimtoka vimenyooka, kimoja baada ya kingine. Tuliondoka alfajiri. Tulivuka mto. Simba alilala, akaamka, akatutazama, akatudharau. Pilar akacheka. Ndipo Boke akafika kwa tembo, ile familia inayopita nyuma ya jiko letu kwenda kunywa maji.

"¿Cuántos?" Pilar akamuuliza. Wangapi?

Boke akatikisa kichwa kukataa. Namba nilimfundisha mpaka mia! Nilitamani nimrushie kiatu.

"Hatuhesabu," alisema kwa Kihispania chake. "Kwa baba yangu mifugo haikuhesabiwa. Tulimtazama asiyekuwepo."

Nikafunika uso. Mtu anamwaga riziki yake kwa mdomo wake mwenyewe, hivihivi naona! Lakini hakuwa amemaliza. Mama mwenye pembe moja alikuja, akasema. Dada yake mwenye mkia uliokatika alikuja. Akawapitisha mmoja mmoja, kama anayewaingiza zizini jioni, na hakuna aliyemkosea sura wala kitenzi.

"Mtoto mwenye sikio lililochanika hakuja," akamalizia. "Juzi alipita nyuma ya jiko kwenda kunywa maji. Jana mama yake aligeuka nyuma mara nyingi."

Pilar akaweka kalamu chini. "Una hakika?"

"Nina hakika."

Pilar akachukua simu, akawapigia askari wa wanyamapori. Walimpata yule mtoto kabla jua halijazama, ng'ambo ya korongo, mguu umenaswa kwenye waya wa mtego. Daktari wa wanyama akamlaza kwa dawa, akaukata ule waya.

Hesabu ya Gidion ilikuwa sahihi, nami nilihesabu hivyohivyo. Miaka tisa naongoza wageni, na sikuona kwamba mtu hayupo. Nasema bila haya, mwanamke yule alinishinda, tena kwa lugha niliyomfundisha mimi, na nilimwonea fahari kana kwamba ni dada yangu wa tumbo moja.

Siku ya nne baada ya hapo, asubuhi, tembo walipita tena nyuma ya jiko. Pilar alikuja na kikombe chake cha kahawa, akasimama kando ya Boke, aliyekuwa akisukuma na kuchoma chapati mlangoni, nami nikisubiri chai. Safari hii hakuuliza wangapi. Alimtazama tu Boke, akangoja.

Boke akawapitisha kwa macho, polepole, mpaka wa mwisho kabisa, aliyekuwa akichechemea.

"Volvió," akasema. Alirudi. Machozi yakamdondokea kwenye unga.

Pilar akamshika bega, akamwambia gari linaondoka saa moja, wageni sita, na leo wanaye mwongozaji mpya. Boke akafungua aproni, akanitupia mimi.

"Mwalimu," akasema, "chapati zinaungua."

Nikazigeuza.