Sijui ya Bi Siti

Watu wa Kariakoo wana adabu moja ambayo mgeni haioni hata avae miwani miwili. Fundi wa kweli hajisifu. Muulize mpishi wa pilau ya harusi kama anajua kupika, atakwambia, "Aa, mie najua nini?" Hapo sharti umbembeleze, "Usitunyime, mama," ndipo ajifunge kanga aingie jikoni. Anayejibu mara moja kwamba anajua, huyo mwogope.

Kwa wakunga adabu hiyo ilikuwa kali zaidi. Nani ajigambe kwa matumbo ya watu, ajiitie kijicho?

Scholastika aliyajua yote hayo. Wazazi wake walitoka Masasi, lakini yeye alizaliwa na kukulia Mtaa wa Sikukuu, nyumba moja na Bi Siti mkunga, aliyemwita mwanangu na kumwekea ukoko wa wali. Sasa alikuwa nesi, na siku hiyo alikuwa mkalimani wa Daktari Inga, mzungu aliyeletwa na mradi wa mama na mtoto. Nchi nzima ilikuwa inahubiri kujitegemea, na mradi nao ukasema utaanza kwa kuwasikiliza wenyeji. Wakunga watakaoonyesha ujuzi wangekaa na madaktari kuandaa mafunzo. Wasio na ujuzi wangekatazwa kuzalisha. Na Bi Siti hakuwa na kazi nyingine duniani.

Wakunga wakakusanyika ofisi ya tawi la chama, Mzee Zahoro, balozi wa nyumba kumi, kakaa mbele kama bwana harusi.

"Mwulize," Inga alisema kwa Kiingereza, "mtoto akitanguliza matako, anafanyaje?"

Bi Siti akavuta kanga kichwani. "Mimi nitajua nini, mwanangu? Sijui kitu."

Scholastika akangoja. Hapa ndipo wakunga wenzake walipaswa kumbembeleza. Lakini wanawake walikaa kimya, kila mmoja akiona haya kupaza sauti mbele ya mgeni. Na yeye angesemaje? Amwambie mzungu kwamba mama huyu hasemi kweli, na mwenyewe amekaa pale pale?

"Anasema hajui," akatafsiri.

Inga akaitikia kwa kichwa, akamgeukia Bi Sitara, mkunga wa pili. Naye akajibu, "Sisi elimu tutaitoa wapi?" Wa tatu vivyo hivyo. Aliyesema anajua alikuwa mmoja tu, Celina, ambaye mtaa mzima ulijua kwamba katika maisha yake kazalisha mbuzi wa shemeji yake, na mbuzi mwenyewe akafa. Huyo akachaguliwa.

Mwishowe Inga akasema, polepole, kwamba amesikitika sana, lakini hao wengine wasimguse tena mwanamke mwenye uchungu.

"Kasemaje?" Bi Siti akauliza.

Scholastika akamtazama, mikono ya mama huyo imetulia mapajani, hana habari. Roho ikamuuma. Akamgeukia Inga akamweleza yote: kwamba wanajua, kwamba hiyo "sijui" yao ni heshima tu, na aliyekosea ni yeye mkalimani.

"Basi mwulize tena," Inga akasema.

Scholastika akapiga magoti. "Mama, usitunyime."

"Umemwambia mgeni nimesema uongo?"

"Nimemwambia unajua, mama."

"Mbele za watu."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

Bi Siti akaivuta tena kanga kichwani. "Mamako alipokuwa na uchungu wako, wewe ndiye uliyetanguliza matako. Akaniuliza, Siti, utaweza? Nikamwambia sijui. Angenisikia kama ulivyonisikia wewe, angenifukuza, na nyote wawili mngezikwa siku ile."

Kisha akamwomba Mzee Zahoro atoke nje, maana mambo ya uzazi hayasemwi mbele ya ndevu. Akavua bangili, akanyoosha mikono juu ya tumbo ambalo halikuwepo, akaanza kueleza jinsi mtoto anavyogeuzwa. Alieleza yote, hakubakiza. Alikuwa akimtazama Inga peke yake.

"Mwambie mgeni wako, mkalimani," alisema kila alipopumua.

Scholastika akatafsiri mpaka mwisho, machozi yakimtoka. Jioni walipokutana uani kwao, karibu na majiko, akamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, nesi," Bi Siti akajibu, akaendelea kupepeta mchele.